Bibu nne, shingo moja: uzoefu wangu wa miezi saba Chake Chake

Mwanangu wa pili alianza kutoka udenda akiwa na miezi mitatu na nusu. Alipofika minne, nguo ya asubuhi ilikuwa haifiki adhuhuri: kifua kimeroa, mikunjo ya shingo imeroa, na chini ya kidevu vipele vyekundu vimejipanga. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta bibu, kile kitambaa anachovishwa mtoto shingoni ili asiroe kifua. Tangu mwezi wa pili hadi sasa mwezi wa tisa nimetumia aina nne. Mbili nilinunua mwenyewe, moja nililetewa, na ya nne niliichora nikashonewa na fundi wa mtaani kwetu. Namwandikia mama mwenzangu aliyesimama dukani sasa hivi na bibu mkononi, anatazama picha ya sungura kifuani. Aigeuze, aitazame shingo.

Ya kwanza niliinunua hapa hapa mjini, tatu kwa shilingi 9,000. Mbele taulo jembamba, nyuma nailoni, shingoni kamba mbili za kufunga. Udenda iliunyonya vizuri, na nguo ya ndani ilibaki kavu kweli. Lakini Februari ni kaskazi, na nyumba yetu ni ya bati. Mtoto anatoka jasho hata akiwa na nepi peke yake. Ile nailoni ililala kifuani ikazuia hewa, na udenda uliokosa pa kupita ukapanda juu hadi kwenye ukingo wa shingo, ambao ulishonwa kwa utepe mgumu. Mimi nikadhani ni harara, nikawa naongeza poda. Siku ya nne mama mkwe alikuja kumwona mjukuu wake. Alimwinua kidevu kwa kidole kimoja, akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto shingo imekuwa mbichi. Mvue hicho kitu."

Nilimvua. Poda nikaiacha, maana ilikuwa ikigandana na udenda ndani ya mikunjo na kumsugua. Nikawa namkausha kwa kipande cha kanga laini, kwa kumgusagusa tu, na baada ya wiki pakapoa.

Na kamba zile sizitaki tena ndani ya nyumba yangu. Mtoto huyu usingizi humchukua ghafla akiwa amepakatwa, na mchana mmoja nilimlaza nikasahau kumvua bibu. Nilipomrudia, bibu imezunguka iko mgongoni na kamba imekaza kooni. Hakupata neno, alhamdulillahi, ila mikono ilinitetemeka mpaka alasiri. Tangu siku hiyo kwetu bibu ni ya mtoto aliye macho. Akisinzia, inavuliwa kwanza, ndipo analazwa, hata kama ni kwa dakika tano, hata kama anayemlea ni mgeni.

Kwa udenda, niliyoishi nayo kwa amani ni ile ndogo ya pembetatu, ya pamba tupu isiyo na plastiki, yenye vifungo viwili vya kubonyeza nyuma. Inaroa upesi, kwa hiyo unahitaji nyingi, nane au kumi kwa siku wakati meno yanatoka. Lakini inafulika kama leso na inakauka kama leso. Sina zaidi la kusema juu yake. Inafanya kazi yake.

Kazi ilianza kwenye chakula. Alipotimiza miezi sita, kama tulivyoelekezwa kliniki na kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, nikamwanzishia uji na boga la kupondwa. Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto, kamba ya kuanikia iko ndani ya sebule. Kaka yangu aliyeko Unguja alinunua bibu ya silikoni kule Mchangani kwa shilingi 15,000 akaipa mtu wa boti aniletee. Nilifurahi sana. Silikoni hainyonyi maji, unaipitisha kwenye maji mara moja, unaikung'uta, imekwisha. Chini ina mfuko mkubwa wa kupokea chakula kinachoanguka. Nikasema hii ndiyo.

Wiki mbili nikawa sielewi kwa nini mtoto anamaliza kula akiwa na uji nyuma ya sikio. Siku moja nikamwachia bibi yake amlishe, mimi nikakaa pembeni nikatazama tu. Bibi amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mjukuu amemlaza nusu juu ya mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia. Ndivyo nilivyolishwa mimi, na ndivyo tunavyolisha wote. Sasa kwa mkao huo ule mfuko unalala bapa juu ya tumbo, mdomo wake umejifunga, hauna unachoweza kupokea. Na uji mtoto anaoutema hauteremki kifuani hata kidogo. Unafuata shavu, unazunguka taya, unaingia nyuma ya sikio, kisha unarudi shingoni. Bibu ile imekatwa kwa ajili ya mtoto anayekaa kwenye kiti kirefu cha kulia, mgongo wima na meza mbele yake. Huyo ni mtoto mwingine mwenye mkao mwingine. Tena silikoni ni nzito, inaning'inia, na uzito wote unabebwa na shingo.

Niseme haki yake. Alipoanza kukaa mwenyewe, miezi minane hivi, niliitoa tena kabatini na mfuko ukafanya kazi iliyoahidiwa. Ila jihadhari na tui. Silikoni haishiki maji, lakini mafuta inayashika. Baada ya wiki kadhaa za uji wa mchele uliotiwa tui la nazi, bibu ikawa na utelezi usiotoka na harufu ya tui lililolala. Nikaichemsha dakika kumi kwa maji yenye sabuni kidogo, ikarudi vizuri. Silikoni inavumilia kuchemshwa. Ya plastiki ya kawaida ingejikunja.

Baada ya kutazama njia ya ule uji ndipo nilipochukua karatasi ya mfuko wa saruji nikaanza kuchora.

Nilimpima shingo kwa uzi akiwa amelala: sentimita 24. Nikaenda kwa fundi, mzee ambaye ameshona kanzu na sare za skuli miaka mingi, nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Yeye alianza kwa kuniuliza mtoto anapakatwa mkono gani. Nikamwambia wa kushoto. Akasema, "Basi bega lake la kulia ndilo linaloegemea kifua cha mlezi. Kifungo tutakiweka bega la kushoto, kisimchome wala kisikae kisogoni." Mimi nilikuwa nimekichora nyuma kama bibu zote nilizoziona. Akasema pia shingo iachiwe nafasi ya vidole viwili juu ya kipimo changu, si zaidi, kwa sababu ikipwaya uji unaingia ndani na ikibana inachubua.

Kitambaa tulikitafuta sana. Taulo linachelewa kukauka, nailoni ya duka ni ngumu. Tukaangukia kitambaa cha mwavuli. Nilikuwa na mmoja uliovunjwa mbavu na upepo, kitambaa chake kizima kabisa. Ni chepesi, maji yanateleza juu yake, kimeumbwa kwa mvua. Kabla ya kukatwa nilikifua mara mbili, kisha nikakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowanishwa nione kama kinatoa rangi, maana kitakwenda mdomoni. Hakikutoa. Kwa upande wa ndani, unaogusa mwili, tulitumia kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama pamba. Kanga mpya ina wanga na ukavu fulani. Kwa shingo ya mtoto haifai.

Umbo lake ni hivi. Mabega ni mapana, yanapanda mpaka nyuma ya masikio na kukutana bega la kushoto, ili uji ukifuata taya ukutane na kitambaa kabla ya kufika kisogoni. Shingo imevikwa upapi, yaani utepe wa kuzungushia ukingo, wa kanga uliokatwa mshazari. Kanga ikikatwa mshazari inavutika kidogo, kwa hiyo upapi unafuata duara la shingo bila kujikunja na kuwa kama kamba. Kingo zote nyingine nazo zina upapi wa kanga, kwa sababu mtoto hutafuna ukingo. Chini hakuna mfuko ulioshonwa. Kuna pindo refu linalokunjwa kwenda juu na kushikwa kwa kifungo kila pembe. Akiwa amekaa linakuwa mfuko, akipakatwa linakunjuliwa, na wakati wa kufua hakuna kona ambayo wali unajificha ukaoza.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kwamba mwavuli na kanga vimeshonwa pamoja shingoni na mabegani tu. Chini kila kimoja kinaning'inia peke yake. Hewa inapita katikati mtoto akiwa ameivaa, na kambani kila kitambaa kinakauka kivyake. Wakati wa masika, ndani ya sebule, ile ya taulo ilikuwa ikilala usiku kucha na kuamka na harufu. Hii nikiianika asubuhi, adhuhuri naianua kavu. Kwetu maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, tunakinga kwenye ndoo, na kwa bibu hii bakuli moja la maji linatosha baada ya mlo.

Kuhusu kifungo tulivutana. Fundi alitaka ule utepe wa kunatana, unaofanya chwaa ukiubandua, kwa kuwa ni rahisi kuushona. Utepe huo ulitokana na Mswisi mmoja, George de Mestral, aliyerudi matembezini mwaka 1941 akakuta mbegu zimemganda mbwa wake manyoyani, kama kishona-nguo kinavyotuganda sisi tukikatiza kondeni. Na hiyo ndiyo shida yenyewe: unashika kila kitu. Unashika nyuzi za kanga, unashika nywele za kisogo, na ukifuliwa bila kufungwa unachuna nguo zote za beseni. Nikamwomba anitilie vifungo vya kubonyeza, viwili kwa safu mbili ili shingo iongezeke mtoto akikua. Ukichagua hivyo, vivute kwa nguvu kimoja kimoja kila wiki. Kimoja changu kililegea mwezi wa tatu wa matumizi nikakikata siku hiyo hiyo. Kifungo kidogo kikiingia kooni mwa mtoto si jambo la kusubiri.

Alinishonea sita kwa shilingi 3,000 kila moja, kitambaa changu.

Madoa nayo yana elimu yake. Maziwa na yai nasuuza kwa maji baridi kwanza, kwa sababu maji moto yanaligandisha doa. Ndizi usiicheleweshe hata saa moja, itageuka nyeusi kahawia na haitatoka. Boga na papai rangi yake inakwenda na mafuta, kwa hiyo maji matupu hayaisogezi. Paka sabuni ya kipande kwenye kitambaa kikavu, subiri kidogo, ndipo utie maji. Lililonitisha ni la bizari. Mara ya kwanza mtoto alipoonja mchuzi wa samaki wenye manjano, niliipaka bibu sabuni, na doa la njano likageuka jekundu mbele ya macho yangu. Nikadhani nimeiharibu. Kumbe manjano hufanya hivyo yakikutana na sabuni kali, na ukisuuza sana yanarudi njano. Na jua ndilo linaloyamaliza: siku mbili tatu za kuanikwa upande wenye doa ukiwa juu, linafifia mpaka halionekani. Dawa za kung'arishia sikuzitumia kabisa. Zinaumiza mpira na nailoni, na sitaki ziguse shingo ambayo imeshawahi kuwa mbichi.

Bibu yangu ina kasoro, na nazitaja kwa sababu fundi amenisikiliza nazo. Haina mikono. Tangu miezi kumi mtoto anachota uji kwa viganja vyote viwili na kujipaka hadi viwikoni, na hapo haimsaidii. Upande wa kanga umeshika madoa kuliko upande wa mwavuli, kwa hiyo bora kanga ya rangi iliyokolea. Na ule mwavuli wangu ulikuwa mweusi. Kwenye jua la uwanjani unapata moto upesi. Mwezi uliopita, karafuu zilipojaa uwanja mzima kwenye majamvi na bibu zikabaki kwenye kamba ya ukutani kunakopiga jua kali, nilimvalisha bibu moja kwa moja kutoka kambani akalia. Sasa naisubiri ipoe. Safari ijayo nitatafuta mwavuli wa rangi nyepesi.

Kama una fedha ya aina mbili tu, nunua zile ndogo za pamba kwa udenda, na kwa chakula tafuta fundi. Ya silikoni ngoja mpaka akae mwenyewe. Ile ya taulo na kamba iache dukani.

Wifi yangu wa Wete amejifungua mwezi wa saba na ameshaniomba ile karatasi ya saruji. Sikumpa, kwa sababu ina shingo ya mwanangu. Nimempelekea uzi apime ya kwake kwanza, na mimi mwenyewe narudi kwa fundi Jumamosi; leo asubuhi nimempima mwanangu tena, sentimita 25 na nusu.