TAHADHARI: Muuza darubini wa Tanga na picha "alizopiga Raskazone"

Wadau wa anga, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya kuuza na kununua hapa Tanga akinadi darubini ya milimita 76 kwa laki nne na nusu. "Inakuza mara 675, piga nebula na galaksi ukiwa uani kwako." (Nebula ni mawingu ya gesi na vumbi huko angani.) Anataka utume hela yote kwanza, mzigo ukauchukue stendi ya Kange. Ukishaupokea ukalalamika, simu haipokelewi tena.

Picha anazoringia si zake. Ile ya nguzo za vumbi, anayosema kaipiga Raskazone mwezi uliopita, ni ya darubini ya angani Hubble, ya mwaka 1995. Itazame kona ya juu kulia: kuna sehemu nyeusi imekatika ngazi-ngazi. Hilo ni umbo la kamera iliyokuwa Hubble wakati ule, na jamaa hata kuificha hakujisumbua! Kioo cha Hubble kina kipenyo cha mita 2.4. Linganisha na hizo milimita 76.

Mzigo wenyewe upo, sikatai. Jirani yangu wa Mikanjuni aliupokea, akaniita tuufunge. Miguu ni bati jembamba. Ukigusa kidogo tu, Mwezi unacheza kwenye lenzi. Mwezi huo utauona, na ile miezi minne mikubwa ya Jupiter pia. Ila nebula inataka kamera iache mwanga uingie muda mrefu, na Dunia haisimami kukusubiri: bila mota ya kufuatilia, nyota zinageuka mistari ndani ya sekunde chache. Miguu hiyo ya bati haina mota wala pa kuifungia. Na hiyo 675 ni porojo. Darubini ya ukubwa huo ikipita mara 150 hivi, unakuza ukungu tu.

Anayedai picha ni yake, muombe faili ghafi, yaani zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, za usiku uleule. Mpigaji wa kweli anazo nyingi, maana nebula moja hutengenezwa kwa kurundika picha kadhaa. Huyu tulimuomba, akaanza matusi.

Walioshanunua: ndani ya boksi kuna kikioo cheusi kimeandikwa SUN, cha kufunga kwenye lenzi ya kuchungulia. Kivunjeni, mkitupe. Mwanga wa Jua unafika pale ukiwa umeshakusanywa. Kikipasuka kwa joto, jicho limekwenda. Kichujio salama cha Jua hufungwa mdomoni mwa darubini, kule mbele.