Bobsledi YouTube: picha safi, jukwaa la washindi la zamani

Ukiwa Nairobi na unataka kumfahamu Oskars Melbārdis, dereva wa bobsledi (mbio za sledi, chombo kinachoteleza kwenye njia ya barafu) kutoka Latvia, chaneli mbili za YouTube zinatosha: ya Olimpiki na ya IBSF, shirikisho la mchezo huo. Zote ni za bure, gharama ni bando tu. Weka 480p, ambayo hula takriban nusu GB kwa saa. Ukishuka hadi 240p, sledi hugeuka doa na huwezi kusoma sekunde pembeni mwa skrini.

Mbio za Ulaya hazikukoseshi usingizi. Wakati wa baridi, Ujerumani na Austria ziko saa 2 nyuma yetu. Sigulda, njia ya barafu ya Walatvia iliyofunguliwa 1986, iko saa 1 nyuma.

Mgeni hukodolea kona macho. Kosa. Tazama mita 50 za mwanzo, watu wanne wakisukuma kisha kurukia ndani mmoja baada ya mwingine. Mmoja akichelewa kuketi, sledi huyumba, na muda uliopotea pale juu huongezeka kadiri inavyoteremka, kwa sababu haina injini ya kuufidia. Uzito nao una kikomo: kilo 630 kwa watu wanne pamoja na sledi, 390 kwa wawili. Melbārdis mwenyewe alianza kama msukumaji kabla ya kushika usukani, na huduma hii inakuonyesha vizuri kazi zote mbili.

Inapokwama ni kwenye heshima. Fungua mbio za watu wanne za Olimpiki ya Sochi 2014: Urusi ya Alexandr Zubkov inashinda, Latvia ya pili kwa sekunde 0.09, hata jicho halijapepesa. Video inaishia hapo. Novemba 2017 Zubkov alifutiwa matokeo kwa sababu ya dawa zilizopigwa marufuku, na dhahabu ikawa ya Melbārdis, Daumants Dreiškens, Arvis Vilkaste na Jānis Strenga: dhahabu ya kwanza ya Latvia kwenye Olimpiki ya baridi. Katika mbio za watu wawili, Melbārdis na Dreiškens walipanda kutoka nafasi ya 5 hadi shaba, maana sledi mbili za Urusi zilizowatangulia ziliondolewa. Sisi tunaijua hali hii: Asbel Kiprop alimaliza wa pili mita 1500 Beijing 2008, dhahabu ikamfikia baada ya mshindi, Rashid Ramzi, kunaswa na dawa. (Yaliyomkuta Kiprop baadaye ni habari nyingine.)

Kwa hiyo anza na ukurasa wa matokeo kwenye Olympics.com, ambao umesahihishwa, ndipo ufungue video. Andika “Melbardis” bila alama juu ya a, utampata tu. Shaba ya PyeongChang 2018, akiwa na Strenga, haina utata. Hiyo itazame bila kuanzia kwenye matokeo.

Nyota 4 kwa picha, 2 kwa kumbukumbu.