Stronghold Ipi Ununue Kwanza: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Lubumbashi

Mtu anayetaka kununua mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome, iwe ni kwa ajili yake mwenyewe au kwa kijana wake, hukutana na orodha ndefu ya majina yanayofanana, na kosa ambalo nimeliona mara nyingi hapa Lubumbashi ni kudhani kwamba mchezo wenye namba kubwa ndio ulio bora. Katika mfululizo wa Stronghold mambo hayako hivyo. Mchezo wenye namba 3 ndio ninaouweka mkiani, na ule ninaouweka mbele ya yote umejengwa juu ya kazi iliyofanyika mwaka 2002. Nitaeleza sababu, kwa kuwa anayezielewa hatapoteza dola zake.

Stronghold ya kwanza ilitoka mwaka 2001, kazi ya Firefly Studios ya Uingereza, na baadhi ya waanzilishi wa studio hiyo walikuwa wamekwisha kutengeneza michezo ya kujenga miji kabla ya hapo. Chimbuko hilo linaonekana katika kila sehemu ya mchezo. Ngome yako haisimami kwa mawe peke yake: mkulima huvuna ngano, msaga nafaka huipeleka kwenye kinu, mwoka mikate hugeuza unga kuwa mkate, na mkate huo ukifika ghalani ndipo raia hula na kubaki. Kuna vyakula vinne, yaani nyama, jibini, matofaa na mkate, na ukiwapa watu aina nyingi wanafurahi zaidi. Ukipandisha kodi, sifa yako hushuka. Ukiwapa chakula maradufu, hupanda. Ikishuka chini ya 50, raia huanza kufungasha na kuondoka, mashamba hubaki bila watu, na adui hana haja ya kuvunja ukuta kwa haraka.

Nilimkalisha mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 13, mbele ya mchezo huo bila kumfundisha chochote. Alianza kwa kuchora ukuta mrefu kuzunguka boma lote, mawe yakamwishia katikati, akajenga machimbo na kungoja. Mawe yalichimbwa, yakarundikana pale pale machimboni, na ghala likabaki tupu. Alikuwa hajaweka ng'ombe wa kuyabeba. Alipomweka mmoja, tukamtazama akitembea polepole na mzigo wake mgongoni hadi ghalani, na kijana akahesabu hatua zake, akaona njia ni ndefu, akaongeza ng'ombe wawili. Wakati huo huo alikuwa amesahau chakula. "Baba mdogo, watu wanaondoka!" alisema kwa mshtuko wa kweli. Katika dakika ishirini alikuwa amejifunza kwamba ukuta huanzia shambani, na huo ndio msingi ninaoutumia kupanga michezo yote inayofuata: kadiri toleo linavyoulinda uhusiano huo kati ya tumbo la raia na ukuta wa bwana, ndivyo linavyostahili fedha yako.

Nafasi ya kwanza naipa Stronghold Crusader: Definitive Edition, iliyotoka mwaka 2025. Crusader ya awali, ya mwaka 2002, iliuhamishia mchezo jangwani, na uamuzi huo mmoja ulibadilisha kila kitu. Mashamba huwezi kuyaweka ila penye majani, pembezoni mwa chemchemi, kwa hiyo wapinzani wote hugombea ardhi ile ile chache. Jeshi nalo likawa la namna mbili: askari wa Kizungu wanaohitaji silaha ulizozitengeneza mwenyewe kwa mbao na chuma, na mamluki wa Kiarabu wanaokuja kwa dhahabu tupu. Mchezaji mwenye subira hujenga karakana, mwenye haraka hukusanya kodi, na kila njia ina gharama yake. Juu ya hayo wapo mabwana wanaoendeshwa na kompyuta, kila mmoja na tabia yake: Panya anajenga ngome dhaifu na kushambulia bila mpango, Mbwa Mwitu anajenga kuta nene zinazotisha, na wapo pia Salahuddin na Richard wa Uingereza, yule aliyeitwa Moyo wa Simba. Kwa sababu ya mabwana hao, mchezo hauishi hata baada ya kumaliza kampeni, yaani mfululizo wa misheni zilizopangwa. Toleo la 2025 limechora upya picha zote bila kugusa mwendo wa mchezo, na limeongeza majeshi ya Mabedui.

Hata hivyo, tazama kwanza kompyuta uliyo nayo. Wengi wetu tunatumia kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na zisizo na kadi ya michoro ya peke yake. Kwa mashine ya namna hiyo nunua Crusader HD, ambayo ni mchezo ule ule wa zamani uliorekebishwa ili uonekane vizuri kwenye vioo vipya. Bei yake ni ndogo, haichukui nafasi kubwa kwenye diski, na ndani yake umo pia mchezo wa nyongeza uitwao Extreme, wa mwaka 2008, ambao una vita vya maelfu ya askari. Mimi sikuupenda huo wa nyongeza, kwa maana wingi wa askari unazima fikra, lakini haulipiwi zaidi. Crusader HD huuzwa pia katika duka la mtandaoni la GOG, na hilo lina faida kubwa kwetu: faili la kusakinisha unalipakua mara moja, ukalihifadhi kwenye diski ya nje, na hulazimiki kununua mega za intaneti upya kila mashine inapofutwa.

Nafasi ya pili ni Stronghold: Definitive Edition ya mwaka 2023. Ningeiweka ya kwanza kwa mtu asiyependa vita sana, au kwa mtoto anayeanza, kwa kuwa kampeni yake inafundisha hatua kwa hatua: mfalme ametekwa, nchi imegawanywa na mabwana wanne wenye majina ya wanyama, nawe unairudisha jimbo kwa jimbo. Ina pia misheni za uchumi zisizo na jeshi kabisa, na kuzingirwa kwa ngome zilizopo kweli, kama Windsor na Heidelberg. Humu ndimo utakapoonja kitu ninachokithamini kuliko vyote katika ulinzi, yaani mtaro wa lami: unaumwaga usiku wa amani mbele ya lango, raia wanapita juu yake kila siku, na siku adui anapofika mpiga mshale mmoja anatosha kuuwasha.

Stronghold 2 ya mwaka 2005 naiweka ya tatu, na naitetea ingawa wengi huiruka. Ndiyo iliyoingia kwanza katika michoro ya pande tatu, na ikalipa gharama ya uamuzi huo: ni nzito, na kamera yake inachosha. Lakini ilizidisha maisha ya ndani ya boma. Kuna uchafu unaorundikana na mtu wa kuuzoa, kuna panya, kuna wezi wanaofikishwa mahakamani, na kuna jiko la bwana ambako nguruwe, bata bukini, mikunga, mboga na divai huandaliwa kwa karamu ya kumpa heshima. Mwanamke mmoja jirani yangu wa Kamalondo, ambaye hajali vita hata kidogo, alicheza Stronghold 2 kwa miezi mizima kwa ajili ya jiko hilo tu. Nunua toleo linaloitwa Steam Edition, linalouzwa katika Steam, duka la michezo la mtandaoni.

Crusader 2, ya mwaka 2014, ni ya nne. Iliwarudisha mabwana na jangwa, safari hii kwa pande tatu, na mtu akitaka kucheza pamoja na rafiki upande mmoja inafaa. Tatizo ni kwamba kila jambo linakwenda mbio, ukuta hauna uzito, na ngome unayoijenga hupati muda wa kuipenda. Warlords ya mwaka 2021 inaifuata kwa karibu: imehamia Asia ya Mashariki, ina mpunga, baruti na watawala kama Qin Shi Huang na Genghis Khan, na wazo lake la kuwatiisha mabwana wadogo ili wakufanyie kazi ni jipya na zuri. Ninaona haya kuiweka chini hivi, ila ngome zake hazinikai moyoni.

Legends ya mwaka 2006, yenye majoka na Dracula, ni ya kupita tu.

Stronghold 3 ya mwaka 2011 usiinunue, hata ikishushwa bei. Ilitoka na kasoro nyingi, na mbaya zaidi ilitoka bila vita vya wazi dhidi ya mabwana wa kompyuta, jambo ambalo lilikuwa limeshika wachezaji kwa miaka tisa. Nilimnunulia ndugu yangu mchezo huo kwa kusikia sifa za muuzaji mmoja wa mjini, na akauacha ndani ya juma. Kuhusu Kingdoms ya mwaka 2012, siipangi na mingine, kwa sababu haichezwi bila intaneti: kuingia ni bure, inapatikana hata kwenye simu, lakini inakula mega kila siku na inakushawishi kulipia kadi za kuharakisha ujenzi.

Machache kuhusu malipo na umeme. Njia ya kawaida ya kulipa Steam ni kadi ya benki, na asiye nayo huomba ya ndugu na kumlipa kwa simu. Subiri siku za punguzo, kwani michezo hii hushushwa bei mara kwa mara. Ukishapakua mchezo, fungua Steam bila mtandao na ucheze. Hifadhi mchezo wako kila baada ya dakika kumi, kwa maana mgao wa umeme hausubiri kuzingirwa kuishe. Mwisho, Steam hurudisha fedha ikiwa hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo jioni ya kwanza jenga machimbo, weka ng'ombe, leta adui mmoja mkubwa, na utazame kama mashine yako inawabeba wote bila kukwama.