Walikanyaga dagaa wa mama wa watu: uzoefu wangu na studio moja ya picha hapa Mwanza

Nilisema sitaandika. Lakini kila nikikaa kwenye cherehani naisikia sauti ya yule bwana ikisema "hivi vidagaa", na mguu unakanyaga pedali kwa hasira mpaka uzi unakatika. Acha niandike nipumue.

Mimi ni fundi, nina kibanda Mabatini, nashona magauni ya kitenge. Nilikuwa na wazo la siku nyingi: magauni sita, picha na video fupi ya dakika mbili hivi, ila siyo zile za kusimama mbele ya pazia jeupe na maua ya plastiki. Sasa hapa mjini mtu akisema anataka picha za ubunifu, basi ni Capri Point, au pale Kamanga na Jiwe la Bismarck limesimama nyuma yake kama shemeji aliyekuja harusini bila kualikwa. Silisemi vibaya lile jiwe, nalipenda. Ila limepigwa picha mpaka limechoka, na mtu akiliona haoni tena gauni. Mimi nilitaka mwaloni. Nilitaka alfajiri mitumbwi ya dagaa ikirudi, taa bado zimepangwa ndani, wanawake wamesimama majini na ndoo. Mama yangu mzazi alitusomesha kwa dagaa, kwa hiyo hilo kwangu halikuwa pambo.

Na sikuchagua siku ovyo. Anayeujua uvuvi wa dagaa anajua wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawaifuati taa, hivyo wavuvi wanapumzika. Nikahesabu mwezi, nikaangukia siku za giza. Siku moja kabla nikapanda daladala hadi Igombe, nikaonana na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi kinachosimamia mwalo, nikaeleza shida yangu kwa adabu. Akakubali bila kuomba hata soda. Sharti lake moja tu: "Njooni mapema, kabla akina mama hawajaanika. Wakishaanika hakuna pa kukanyaga."

Hilo neno nililirudisha studio kama lilivyo. Nikawaambia saa kumi na mbili kamili tuwe mchangani. Jua la huku linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na likishachomoza halina subira, linapanda moja kwa moja. Ule mwanga laini unaoufanya uso wa mtu uonekane kama umepakwa mafuta haumalizi saa nzima. Baada ya hapo ni kivuli chini ya macho na jasho kwenye pua. Mimi fundi cherehani ninalijua hilo, wao wenye kamera wakaitikia "usijali sista, hiyo ndiyo kazi yetu".

Walifika saa mbili na nusu.

Binti wa dada yangu, ndiye aliyevaa, tulikuwa naye pale tangu saa kumi na moja na nusu. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika khanga gauni lisiingie mchanga, poda inakauka usoni. Mitumbwi ikaja, ikashusha, taa zikabebwa, yote niliyoyataka yakapita mbele ya macho yangu na sina hata kamera ya maana. Nilipiga mbili tatu kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Mtoto ananiuliza, "Mama mdogo, kwani wanakuja kweli?" Namjibu wapo njiani, maana ndivyo walivyokuwa wanaandika WhatsApp. Wapo njiani.

Droni waliyoniahidi haikuja. Eti kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kimechelewa. Barabara ya Igombe inapita uwanja wa ndege, ndege zinashuka unaziona tumbo, sasa nani alidhani kurusha droni upande ule ni kama kurusha tiara? Hilo nawasamehe. Hapana, siwasamehe, maana walilihesabu kwenye bei. Ila silo lililonileta hapa.

Lililonileta ni hili. Saa mbili na nusu ufuko mzima ulikuwa umeshaanikwa. Nyavu chakavu zimetandazwa chini, juu yake dagaa wametawanywa, wanang'aa kama sindano zilizomwagika. Kati ya anikio na anikio kuna njia nyembamba ya kupita mguu mmoja mmoja, na kila mtu pale anaijua, hata mbuzi. Korongo wale wenye vipara wenyewe wamesimama pembeni wanangoja.

Yule mkubwa wao, wenzake wanamwita dairekta, akashuka na buti. Akaangalia ziwa, akatengeneza mraba kwa vidole kama wanavyofanya, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tatu. Ya tatu ikawa juu ya dagaa. Hakustuka. Akaita stendi ya kamera iletwe pale pale, ikafunguliwa, miguu yote mitatu ndani ya anikio la mama wa watu. Nilisikia ule mlio. Dagaa aliyeanza kukauka ukimkanyaga analia kama jani.

Mwenye mali alikuwa mama wa makamo, karibu na umri wa mama yangu angekuwa hai, amefunga kitenge kifuani, anageuza dagaa upande wa pili. Akaja taratibu. Akasalimia kwanza, hata mimi nikashangaa: "Mwangaluka." Yule bwana hakuitikia. Jicho liko kwenye kamera. Ndipo akasema, na nanukuu maana sitasahau:

"We mama, hebu toa hivi vidagaa hapa, vinaharibu fremu."

Mama akamtazama miguuni. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, kwenu mnatembea juu ya ugali na viatu?"

Wenzake wawili wakacheka. Yeye akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu mbili, akamnyooshea bila kugeuka, vile unavyomlipa konda. "Shika basi, usitupotezee mwanga."

Mwanga! Mtu aliyechelewa saa mbili na nusu ananiongelea habari za mwanga!

Yule mama hakuipokea ile hela. Alichuchumaa, akaanza kutenga waliopondeka kwa mkono, mmoja mmoja, maana dagaa akishaingia mchanga mnunuzi anamtafuna kidogo, anatema, ndoo nzima inashuka bei. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Mvua ikiwakuta hawajakauka wanaoza, mwisho wake ni chakula cha kuku. Mtu huyo anashindana na mvua, halafu wewe unamwekea stendi.

Nikampandishia sauti yule bwana, nakiri. Nilimwambia maneno ambayo fundi wa kanisani hatakiwi kuyasema. Akanijibu, "Sista, wewe ndiye uliyechagua lokesheni." Kwa hiyo kosa ni langu. Niliwaalika mahali ambapo watu wanafanya kazi.

Sasa hapa haki itendeke. Walikuwa vijana watatu, na mmoja, mdogo wao, yule wa kushika kile kitambaa cha kurudisha mwanga, hakucheka. Alikiweka chini kitambaa, akavua raba zake, akazishika mkononi, akaenda kuchuchumaa na yule mama. Hakusema neno. Wakatenga pamoja kama dakika kumi, dairekta anafoka, "Dogo, tupo kazini!" Dogo yupo kazini kweli kweli, kuliko yeye. Alipomaliza akaomba kamera ndogo ya akiba, akapiga picha chache akiwa pale pale chini, peku.

Kazi ikaendelea kwa kununa. Magauni matatu kati ya sita, maana jua lilishakuwa kali na mtoto anatiririka jasho. Nilirudi mjini nimeapa: nyota moja, na ingekuwepo sifuri ningetoa sifuri.

Baada ya wiki mbili au zaidi kidogo, walisema siku nne, wakaleta kazi.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Video ni nzuri. Nimeitafutia kasoro nikiwa nimekunja uso, nikaiona mara tano, mara ya sita nikaanza kuwaonyesha wateja. Rangi ya kitenge cha bluu imekaa kama ilivyo dukani, haikugeuka zambarau kama simu zinavyofanya. Pindo linavyopepea wamelipunguza kasi pale pale panapotakiwa, unaona mpaka mshono wangu wa ndani, ule ambao huwa nauficha na hakuna anayeusifia. Yule bwana mkono anao, shetani asinizibe macho. Hiyo ni nyota tatu. Nilikuwa hata nimeanza kujiuliza kama siku ile hasira zangu hazikuwa za njaa, maana tangu usiku sikutia kitu tumboni.

Halafu kuna picha moja katikati ya zile sitini. Siyo ya kwake, najua siyo ya kwake, kwa sababu imepigwa kutoka chini. Mbele kabisa ni mikono ya yule mama, imejaa magamba, inageuza dagaa. Nyuma, kwa ukungu ukungu, gauni langu la njano limesimama. Basi. Uso wa mtu hauonekani hata mmoja. Nimeichapisha kubwa, nimeitundika kibandani, na magauni matatu ya njano yameagizwa kwa ajili yake. Kwa picha hiyo ningetoa nyota nne bila kusita.

Ningetoa. Juzi mteja ananionyesha simu: picha ile ile ipo Instagram kwenye ukurasa wao. Wameandika dairekta ndiye aliyepiga. Jina la kibanda changu halipo, na dogo naye hatajwi. Chini wameweka maneno ya kumpamba "mwanamke shupavu wa ziwani". Shupavu! Yule uliyemwita "we mama"! Hivi huyo mwanamke shupavu alikubali mikono yake iwatafutie wateja? Nilipiga simu, wakaniambia ndivyo kazi za sanaa zinavyofanyika, nisome makubaliano. Makubaliano yenyewe ni ujumbe wa WhatsApp wenye bei na kidole gumba.

Kwa hiyo nyota sasa ni ngapi, mwenzenu sijui. Mkitaka ubora wa picha, nendeni, hamtajuta, ila mpigwe picha ukutani kwao ambako hakuna cha mtu cha kukanyaga. Mkitaka kwenda nao mahali penye watu, ombeni dogo awe ndiye anayeongoza. Naandika mbili. Zote mbili ni za dogo.

Jumapili iliyopita nilirudi Igombe na nakala ya ile picha kwenye bahasha, na kilo mbili za sukari. Nilimkuta mama yule yule, anikio lile lile. Aliishika picha mbali, kisha karibu, akaigeuza kuona nyuma kuna nini. Nikangoja machozi, nasema kweli, nilikuwa nimejiandaa.

"Wabeja, mwanangu," akasema, ndiyo asante ya Kisukuma. "Ila mbona ulinipiga siku dagaa wangu ni wadogo hivi? Watu watasema nauza takataka."

Tumekubaliana nirudi siku za giza zijazo, nipige mwenyewe kwa simu yangu ile ya kioo kilichopasuka. Salio la studio, elfu themanini, sijalipa. Wanalidai kila siku. Naandika WhatsApp kwamba lipo njiani.