Ziara ya siku moja Mwanza na Bujora: nzuri, ila muda umegawanywa vibaya

Kampuni niliyosafiri nayo, ambayo jina lake naliweka kando, huwachukua wageni katikati ya jiji la Mwanza, huwavusha kwa boti hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kisha huwapeleka kwenye makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, katika barabara ya kwenda Musoma. Gari lilikuwa safi, dereva alikuwa makini, na bei tuliyopatana haikubadilika njiani. Kwa hayo sina neno.

Shida ni mgawanyo wa muda. Asubuhi nzima iliishia kisiwani, miongoni mwa pimbi na miamba ya matale, huku mwongozaji akieleza namna Speke, mpelelezi Mwingereza, alivyoliona Ziwa Victoria mwaka 1858, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na mtu ufukweni. Tuliporudi nchi kavu tulipita kando ya dagaa walioanikwa juani, wale wanaovuliwa usiku kwa taa na kulisha nusu ya majiko ya Kanda ya Ziwa (nasema nusu kwa kukisia, kwa sababu sijaona nyumba isiyowapika), na mwongozaji hakusema lolote.

Bujora tulifika tukiwa tumechelewa. Makumbusho hayo ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yana ngoma za watemi (machifu wa Kisukuma), vifaa vya wahunzi na waganga, nyumba ya msonge, na kanisa la mviringo lililojengwa kwa kufuata umbo hilohilo. Mwenyeji wetu pale ndiye aliyeiokoa siku: alitueleza jinsi Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu karne ya 19, wanavyocheza kwa wakati mmoja katika sherehe za Bulabo mwezi Juni, kila upande ukitumia dawa, nyoka na vituko vya kila namna kuwavuta watazamaji, kwa kuwa mshindi ni yule mwenye umati mkubwa zaidi. Alikuwa ndio kwanza ameanza kueleza bugobogobo, ngoma ya majembe, dereva alipopiga honi.

Naipa ziara hii nyota tatu kati ya tano. Anayeitaka aombe kuanzia Bujora asubuhi na kisiwa kibaki cha jioni. Kampuni ikikataa, daladala za Kisesa zipo, na kutoka hapo bodaboda humfikisha mtu hadi langoni.