Samaki wa kukaanga Dunga: angalia barafu kabla ya karai

Vibanda vya ufuo wa Dunga, Kisumu, vina sifa moja ambayo mikahawa mingi ya mjini haina: unamchagua ngege (tilapia) wako akiwa bado mbichi. Itumie nafasi hiyo. Funua matamvua, yawe mekundu, yasiwe na utelezi mzito. Jicho liwe angavu na limetokeza. Bonyeza mgongo kwa kidole: nyama ikibaki imebonyea, samaki huyo alikaa nje ya barafu, na hakuna limau wala pilipili ya kumwokoa.

Barafu ndiyo inayomtofautisha mwuzaji hodari na mbabaishaji. Kwa joto la Kisumu, kilo moja ya samaki inataka takriban kilo moja ya barafu iliyopondwa, ipangwe tabaka kwa tabaka, na sanduku liwe na tundu chini la kutolea maji. Anayebana barafu ili aokoe pesa kidogo asubuhi huishia kuuza kwa bei ya kutupa jioni. Kanda hii inaijua hasara ya njia za mkato: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, na viwanda vya mbuta (sangara) vikakosa soko pamoja na wavuvi wasio na hatia.

Kwenye karai, alama za juu ziende kwa wanaomchuja samaki maji vizuri, wakamchanja mara tatu kila upande ili moto ufike mfupani, kisha wakakaanga wawili wawili. Karai likijazwa, mafuta hupoa na samaki huyanywa badala ya kukauka ngozi. Wa nusu kilo huchukua kama dakika 6 hadi 8 kila upande. Mafuta meusi yanayotoa povu na moshi upesi yamechoka. Hamia kibanda cha jirani bila kuona haya.

Udhaifu mkubwa ni ahadi za muda. Kukaanga, mchuzi na ugali haviwezi kuwa tayari kwa dakika 10, na mteja aliyeambiwa ukweli mapema husubiri kwa moyo mkunjufu. Bei nayo ikubaliwe kabla samaki hajapasuliwa.

Agiza mkavu, mchuzi uje kando. Mchuzi mzito wa nyanya hufunika harufu ya samaki aliyelala.