Makumbusho ya Kanisa Katoliki Bagamoyo: msianzie mnarani

Wageni wengi wanaofika misheni ya Bagamoyo, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Dar es Salaam, huelekea moja kwa moja kwenye mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nawashauri waanzie kwenye makumbusho, yaliyomo katika nyumba ya zamani ya masista, kwani asiyepita humo atapiga picha ya mnara na kuondoka bila kujua ni nani hasa waliojenga misheni hii.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la wamisionari Wakatoliki, walikuja hapa kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa watoto walionunuliwa sokoni Unguja ili waachiwe huru. Watu hao ndio waliofyeka, wakapanda minazi, na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha majengo, wakaanza upya. Ninayasifu makumbusho haya kwa sababu hayatenganishi habari za Kanisa na habari za biashara ya watu: chini ya paa moja unaziona pingu na minyororo, chuma kizito kilichofungwa mwilini mwa mtu, na unaziona kumbukumbu za wamisionari na ibada yao. Mkatoliki aliyezaliwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wa 1962–1965 uliofungua njia ya misa kwa lugha za wenyeji), aliyezoea misa ya Kiswahili, atahitaji maelezo kuhusu ibada ya Kilatini ya enzi hizo, kwa hiyo ni vyema kutembea na mwongozaji. Mwulizeni pia maisha ya kijijini yalikuwaje, maana uhuru ule ulikuwa na kengele, ratiba ya kazi na sheria za mapadre, na jambo hilo halipaswi kupitwa kwa haraka.

Mkitoka nje mtaukuta mbuyu uliopandwa mwaka 1868, ambao shina lake limemeza mnyororo uliofungiwa punda hadi kikabaki kipande kifupi tu kinachoonekana. Makaburi ya wamisionari nayo yanastahili muda. Someni miaka iliyoandikwa, mtaona wangapi walikufa wakiwa vijana kabisa.

Baada ya hapo ndipo mwende mnarani, na mkifika wakumbukeni Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone walioongoza msafara uliobeba maiti yake kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mwenye watoto wadogo awaandae mapema kabla ya kuwaonyesha pingu. Tengeni nusu siku nzima, mvae mavazi ya heshima kwa kuwa hapa watu bado wanasali, na mje asubuhi kabla jua la pwani halijawa kali.